Treni ya Kamba Ngazini Kwetu

Fundi aliyekuja kufunga kiti cha umeme kwenye ngazi za wazazi wangu alifungua kopo dogo la grisi, akachovya kidole, akaipaka reli, na mimi niliyesimama pale na kikombe chake cha chai nikasahau kwamba nimeshika kikombe. Wenzangu niliokua nao hapa Birmingham, ukiwauliza harufu ya utoto wao, watakutajia udi wa Ijumaa au mahamri ya mama zao. Yangu mimi ni grisi. Nikisema hivyo wananicheka na kuniuliza kama nililelewa gereji. Hapana, nililelewa Lozells, katika nyumba ya matofali mekundu iliyobanwa na nyumba nyingine kushoto na kulia, na ndani ya nyumba hiyo tulikuwa na reli yetu wenyewe.

Reli ilikuwa ya Baba, kwa hiyo nianze naye. Baba ni Msomali wa Isiolo, Kenya. Kabla maisha hayajamleta Uingereza alikaa miaka kadhaa Napoli, mji wa Italia unaoanzia baharini na kupanda vilima mpaka juu kabisa, na huko alifanya kazi kwenye treni. Nilipokuwa mdogo niliwatangazia wenzangu shuleni kwamba baba yangu alikuwa dereva wa treni inayopanda mlima. Yeye hakunikosoa kwa sababu hakunisikia. Nilipokua ndipo nilipofahamu kwamba alikuwa akifagia mabehewa na kufuta viti kwenye kituo cha juu. Haikumpunguzia chochote machoni pangu. Aliijua ile treni kuanzia uvunguni mwa mabenchi yake, na sijamwona mtu mwingine aliyeistahi kazi ya kubeba watu namna ile.

Waitaliano wanaiita funikolare, na Baba alilitamka neno hilo akilivuta mwishoni, hataki liishe. Alinieleza jinsi inavyofanya kazi mara nyingi mno, kila mara akitumia kamba ya kiatu changu, ambayo aliipitisha juu ya kidole chake ili ncha mbili zining'inie.

"Mabehewa mawili, kamba moja. Hili liko juu, hili liko chini. La juu likishuka, linalivuta la chini. Hakuna anayepanda bila mwenzake kushuka. Mashine inasaidia kidogo tu."

"What if one comes off?" niliuliza. Sisi watoto tuliozaliwa hapa tulikielewa Kiswahili chote cha nyumbani, lakini kujibu tulijibu kwa Kiingereza, na wazazi wetu walikuwa wameshakata tamaa.

"Moja likifunguka?" Baba aliiachia ncha moja, na kamba yote ikateleza ikaanguka sakafuni. "Basi. Lile la juu linaporomoka."

Hakunitajia breki. Angenitajia breki siku ile, nisingekuwa na la kuwasimulia.

Nilichokipenda zaidi ni habari ya katikati. Alisema kwamba mabehewa mawili yanapokutana nusu ya mlima, madereva huinuliana mkono, kila safari, kutwa nzima, hata kama asubuhi ile walikuwa wamegombana. Alinitajia pia abiria: mama mwenye kikapu cha samaki, daktari, wanafunzi, mzee aliyebeba godoro kichwani, wote kwenye benchi moja, wote wakifika juu bila jasho. "Kule mlima si wa wenye magari," alisema. "Bibi wa miaka themanini anakaa kileleni na anashuka sokoni kila siku." Nilimwona usoni kwamba hilo ndilo lililomgusa hasa, ingawa sikujua kwa nini.

Siku hizo Baba alikuwa na kazi Hockley, kwenye karakana ndogo ya kutengeneza vifungo vya mikanda, na Jumamosi nyingine alinichukua tukarudi pamoja kwa miguu tukiupanda mlima wa Soho Hill. Kila tukifika katikati alisimama, akashika kiuno, akautazama mlima wote. "Hapa wangeweka funikolare," alisema. "Kituo pale chini, kituo kule juu Soho Road. Dakika tatu." Mimi nilimhurumia, kwa kuwa nilikuwa nimeshagundua kwamba tayari ipo. Nilikuwa nimeyaangalia mabasi. Kila basi lililopanda lilikutana na lingine linaloshuka, na madereva wake waliinuliana mkono. Kwa hiyo kamba ilikuwepo, imefukiwa chini ya lami, na basi lililotoka Handsworth lilikuwa likilivuta lile lililotoka mjini. Nilijikalia kimya na siri yangu, nikipita juu ya mifuniko ya mitaro kwa hadhari.

Sasa Ayeyo. Ayeyo ni bibi kwa Kisomali, na huyu alikuwa mama yake Baba. Alikuja kutoka Isiolo wakati wa baridi kali, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Kwao alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu vilivyokaa chini, imara, juu ya ardhi. Nyumba ya watu kulala juu ya watu hakuwahi kuilala. Wiki ya pili tu aliteleza ngazini, akashuka vidato vitatu kwa mkupuo mmoja. Hakuvunjika popote. Lakini alirudi chumbani kwake huko juu, akaketi kitandani, na akasema hashuki tena.

Tulidhani ni hasira ya siku mbili. Ukapita mwezi, ikapita miwili. Choo kilikuwa juu, chumba chake juu, basi akawa mtu wa juu. Baba alimbembeleza, akajitolea kumbeba mgongoni, akamletea viatu vyenye soli ya mpira. Daktari alikuja akasema miguu yake ni mizima, ila asipoitumia itaanza kumsahau. Ayeyo alimsikiliza Baba akimtafsiria, kisha akajibu, "Nitashuka siku nitakayobebwa."

Mimi niliona ni jibu zuri, kwa sababu kubebwa nilikupenda. Sikuelewa kwa nini Baba aligeukia dirishani.

Kilichomuuma Baba nakielewa sasa. Alikuwa amemtoa mama yake kwenye nyumba yake na jua lake, akamleta akawa mfungwa kwenye chumba chenye dirisha moja linalotazama mapipa ya taka. Na yeye ndiye aliyetoka kwenye mji ambako bibi wa miaka themanini anakaa kileleni na kushuka sokoni. Basi Jumapili moja alirudi na mfuko mzito kutoka karakana. Ndani mlikuwa na kapi mbili, yale magurudumu madogo yenye mfereji wa kupitishia kamba, na magurudumu ya viatu vya kutelezea, na kopo la grisi.

Ilimchukua wiki mbili. Alipigilia ubao mwembamba wenye reli kando ya ukuta wa kushoto wa ngazi, na mwingine kando ya ukuta wa kulia, akatuachia nafasi ya kupita katikati kwa kubana viwiko. Mabehewa yalikuwa makopo mawili marefu ya biskuti, moja alilipaka nyekundu, moja kijani. Kamba ilitoka kwenye kopo moja, ikapanda, ikazunguka kapi za juu, ikashuka mpaka kwenye kopo la pili. Pale juu, karibu na kapi, aliweka kiti kwa ajili ya Ayeyo.

Mama alikuwa mjamzito wa miezi mingi na hakuwa na subira na ufundi. Alisimama chini, mikono kiunoni, akauliza, "Si ungefunga tu kikapu na kamba umvutie chai yake? Hii yote ni ya nini?"

"Kikapu atapelekewa kama mgonjwa," Baba alijibu. "Hapa akitaka chai ipande, lazima yeye ashushe kitu. Yeye ndiye dereva."

Na ikawa hivyo. Asubuhi Mama aliweka chupa ya chai na mkate kwenye kopo jekundu, akagonga ukuta mara mbili. Huko juu Ayeyo alitakiwa atafute uzito wa kutosha ndani ya kopo la kijani. Mwanzoni alitia chupa ya maji, na alifanya hivyo kwa dharau, kuonyesha kwamba mchezo huu ni wa watoto. Baada ya siku chache alianza kufikiri. Alishusha nguo za mtoto alizozikunja mwenyewe. Alishusha dengu alizozichambua, viazi alivyovimenya. Dengu zikiwa nyepesi, chai ilisimama njiani, na tukamsikia akimlaumu Mama kwa kujaza chupa mno. Zikiwa nzito, kopo la kijani lilishuka kwa kishindo na Mama akaruka. Nyumba nzima ikaanza kuishi kwa mizani hiyo. Mimi nilikaa kidato cha saba, ambapo makopo yalipishana, nikiinua mkono kila yalipokutana.

Nilimwona Baba kuwa mtu mwenye akili kuliko wote Lozells, na mpaka leo sijabadili mawazo. Lakini Ayeyo alibaki kule kule. Treni ilimrudishia kazi, miguu haikumrudishia.

Kisha likaja lile neno. Lilikuja kwa simu, Mama akizungumza na dada yake aliyeko Mombasa: "Nikishajifungua tu, nitalala wiki nzima." Siku nyingine Baba akamwambia Ayeyo, "Akijifungua salama, tutachinja." Kila mtu alilitaja kwa furaha iliyochanganyika na woga. Kwamba kuna mtoto anakuja, hilo nilijua. Mwalimu alinieleza kwamba yumo tumboni, na mimi niliamini ataletwa na hospitali zamu yake ikifika. Lakini kujifungua lilikuwa jambo jingine kabisa. Nililijua vizuri kila siku ya shule. Fungua kamba ya kiatu, Hodan. Fungua koti. Kujifungua ni mtu kujifungua mwenyewe kamba yake.

Mama alikuwa chini. Ayeyo alikuwa juu. Kamba ilikuwa moja, na nilishaelezwa kwa mikono miwili ya baba yangu kinachompata wa juu.

Jirani yetu wa ukuta wa pili alikuwa Mama Furaha, Mkongo, na mara nyingi nimewaza kwamba laiti yeye ndiye angenipa habari, angesema tu "mama yako atazala," yaani atazaa, na mimi ningelala usingizi wangu. Badala yake nilianza kuwachunguza. Mama akiinama, nilitazama mgongo wake kuona fundo liko wapi. Nilimuuliza Baba kama mtu anaweza kukatazwa kujifungua. Alicheka mpaka akafuta macho, akasema hilo halizuiliki. Sikumuuliza mtu tena.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi asubuhi. Teksi ilikuwa inangoja nje, Baba ameshika mkoba, na Mama alisimama pale ngazi zinapoanzia, kiganja ukutani, akivuta pumzi kidogo kidogo. Akainua uso kuelekea juu.

"Mama, naenda. Niombee nijifungue salama."

"Nenda, mwanangu," Ayeyo alijibu kutoka juu. Alikuwa amesimama ukingoni mwa kidato cha kwanza kabisa, tasbihi mkononi, macho yamefumbwa kwa dua. "Nenda ujifungue. Mimi niko hapa."

Niliwatazama wote wawili, mmoja chini, mmoja juu, na ukingo ule. Mlango ukafungwa. Teksi ikaondoka.

Mama Furaha alikuwa amekuja kutulinda, naye aliingia jikoni moja kwa moja na kuanza kupika sombe, ile mboga ya kwao ya majani ya muhogo. Mimi nilichukua leso ya Mama iliyokuwa mlangoni na kupanda ngazi kimya kimya. Ayeyo alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha udereva. Dua ilikuwa imempeleka usingizini. Nilizungusha leso kiunoni mwake, nikaipitisha nyuma ya nguzo ya ngazi, na nikafunga. Fundo nililolijua lilikuwa lile la kiatu tu, basi nikalifunga mara tano, moja juu ya jingine. Kisha nikakaa chini na kumkumbatia mguu, kwa akiba.

Sijui nilikaa muda gani. Mguu wangu ulikufa ganzi, nikanusa vitunguu, kisha mawese. Nilikuwa na hofu ambayo ukubwani sijaipata tena hata mara moja, hofu ya kuwa mtu wa pekee anayejua.

Ayeyo aliamka kwa ajili ya sala ya adhuhuri. Alijaribu kusimama, akarudishwa kitini. Akajaribu tena.

"Nani amenifunga?" aliuliza, kwa ile sauti ya ng'ombe.

"Kuko nini uko juu?" Mama Furaha aliita kutoka jikoni.

"Don't stand up!" nilipiga kelele. "Mama's gonna jifungua and you're gonna fall!"

Mama Furaha alipanda na mwiko mkononi. Yeye alikuwa na Kifaransa kingi na Kiingereza cha dukani, Ayeyo hakuwa hata na hicho cha dukani, na mimi niliendelea kulia na kueleza kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa kati yao. Ayeyo alinishika kidevu.

"Mimi nimesikia mama, na nimesikia jifungua. Hayo mengine ni upepo. Sema Kiswahili."

"I can't."

"Unaweza. Unanisikia kila siku. Sema."

Na nikasema. Ilikuwa sentensi yangu ya kwanza nzima ya Kiswahili, nilichokisikia tangu kuzaliwa, na ilitoka na kamasi: "Mama akijifungua, wewe utaanguka. Baba amesema. Kamba ni moja."

Mama Furaha alielewa kwanza. Alikaa pale pale kwenye kidato, akafunika uso kwa aproni, mabega yakimtikisika. Ayeyo hakucheka. Alilitazama fundo langu la vifundo vitano, akanitazama mimi, akaitazama kamba ya Baba ikiwa imetulia kwenye kapi zake.

"Kwa hiyo umekaa hapa kunishikilia."

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Tangu asubuhi?"

Nikatikisa tena. Akapapasa leso kiunoni kwake.

"Treni ya baba yako haina breki?"

"Hajaniambia."

"Basi ni fundi mbovu. Mimi ninayo." Akajigonga makalio kwa kiganja. "Breki yangu hii. Nifungue, nikuonyeshe."

"Mama, usishuke," Mama Furaha alisema, kicheko kimekatika ghafla. "Ukianguka nitamuambia nini baba Hodan?"

"Utamwambia nilianguka. Huyu mtoto amekaa hapa na hofu yangu, na mimi mwenyewe nimelala. Nifungueni."

Kufungua kulichukua muda mrefu kuliko kufunga. Kisha Ayeyo, ambaye hakuwa ameshuka kwa miezi mitano, aliketi kwenye kidato cha kwanza, akakusanya baibui lake, akajisogeza mpaka cha pili. Hivyo tu, kwa kukaa, kidato baada ya kidato. Mimi nilishuka mbele yake kinyumenyume nikihesabu kwa sauti, kwa Kiswahili, kwa kuwa aliniamuru. Moja. Mbili. Mikono yake ilibana ubao wa reli kila upande mpaka vifundo vya vidole vikaonekana. Tulipofika cha saba alikwama. Pumzi zilikuwa zikimpanda na kushuka, na nikaona kwamba anaogopa kweli, mtu mzima, bibi yangu, anaogopa ngazi za nyumbani kwetu.

Kidato cha saba kilikuwa mahali pa kuinua mkono, basi nikainua mkono.

Alinitazama. Polepole aliachia ubao wa kulia, akainua wake.

Vilivyobaki alivishuka haraka zaidi. Alipofika chini alikaa sakafuni akiegemea ukuta, akaomba maji, akatazama huku na huku mle alimoogopa kufika. "Kumbe mmepaka rangi," alisema. Alimwambia Mama Furaha sombe yake inaungua, na ilikuwa inaungua kweli.

Baba aliporudi jioni kutuambia ni mvulana, alimkuta mama yake kwenye kochi, sahani mapajani, akimfundisha Mama Furaha jinsi ya kukaanga nyama. Alisimama mlangoni na viatu vyake, mkoba haujashuka begani. Kisha alilia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia na nilidhani nitaadhibiwa.

"Nani amekushusha?" aliuliza hatimaye.

"Mwanao alinifunga," Ayeyo alisema. "Nikaona heri nishuke kabla hajanifunga tena."

Mama aliletwa kesho yake, akasimuliwa, akacheka huku ameshika tumbo na kutusihi tunyamaze kwa sababu kucheka kunamuuma. Lakini baadaye, tulipobaki wawili, aliniita kitandani. Akanieleza kwamba nilikuwa sahihi nusu: kamba ilikuwepo, ila mwisho wake wa pili haukuwa kwa Ayeyo. Akaifunua shali ya mdogo wangu Liban na kunionyesha kitovu, kipande cha kamba kilichosinyaa, kimebanwa na kibanio cha plastiki. Nilikitazama kwa muda mrefu. Nilijisikia kama fundi aliyeonyeshwa mashine ya ndani ya mashine.

Tangu siku hiyo Ayeyo alishuka kila asubuhi, kwanza kwa kukaa, halafu kwa miguu, bega ukutani, akiwatukana wajenzi wa Kiingereza kidato kwa kidato. Baada ya mwaka alikuwa akienda mwenyewe Lozells Road kuchagua vitunguu na kugombana na mwenye duka kwa ishara. Treni iliendelea kupandisha chai mpaka Liban alipoanza kutambaa na kuivuta kamba, ndipo Baba alipoing'oa, ila kapi za juu aliziacha. Ayeyo alikufa nilipokuwa sekondari. Asubuhi ile alishuka mwenyewe, akanywa chai yake, akaketi kwenye kochi. Tulipombeba, hakukuwa na ngazi ya kushuka.

Sasa magoti ya Baba yamechakaa. Alianguka kwa kidato kimoja mwaka huu, na Liban, mwanamume mwenye ndevu sasa, akaagiza kiti cha umeme bila kumuuliza mtu. Fundi alikifunga vizuri, akapaka grisi yake, akambonyezea Baba kitufe aone. Kiti kikapanda peke yake mpaka juu na kurudi. Baba alikitazama kwa heshima, kisha akamuuliza kwa Kiingereza chake cha polepole, "And where is the other one?"

Fundi alinitazama mimi.

Baba alikataa kukikalia. Alisema kitu kinachopanda bila kingine kushuka hakielewi. Alianza kulala kwenye kochi chini, wiki ya kwanza, wiki ya pili, na mgongo wake ukaanza kupinda asubuhi. "Nimelala na huyu mtu maisha yangu yote," Mama alinilalamikia kwa simu, "leo ananikimbia kwa ajili ya kiti." Alikuwa anatania, lakini sauti yake haikuwa ya utani. Nilimfikiria yeye juu peke yake na Baba chini peke yake, na ngazi zile zile kati yao, na nikaona mambo yamerudi pale pale.

Jumapili nilienda. Nilimsalimia, nikanywa chai, sikumbembeleza. Nilimwambia tu, "Baba, kaa tayari. Nikigonga mara mbili, bonyeza."

Nikapanda mpaka juu. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, hajui ninafanya nini. Kapi zilikuwa bado pale, zimepakwa rangi mara nyingi mpaka mfereji umejaa. Nikagonga ukuta mara mbili. Hakubonyeza. Nikagonga tena.

Nilisikia mashine ikianza kunguruma taratibu. Nikaanza kushuka, kidato kimoja kimoja, kwa mwendo wake, nimejibana ukutani. Naye alikuwa akija juu, amenyooka kwenye kiti, mikono imebana pande zote mbili, uso umekaza, macho yanatazama mbele tu.

Kwenye kidato cha saba tukakutana. Baba aliachia mkono wa kulia, akauinua.